Waungwana wa San Francisco

Shule yoyote iliyodumu huwa na kabati la vikombe. Aghalabu huwekwa ofisini kwa mkuu, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asilione. Nimefanya kazi karibu na kabati la namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa kawaida, kisha mkufunzi, na hatimaye mkuu wa chuo cha ualimu, na jambo moja nililibaini mapema: vikombe husahaulika upesi. Rangi ya fedha hugeuka nyeusi, maandishi hufifia, na mwanachuo wa mwaka wa kwanza hajui ni nani aliyekileta kipi wala kwa jasho gani. Kinachodumu ni visa. Wanachuo husimuliana habari za mlinda mlango aliyedaka huku kidole kimevunjika, au za nahodha aliyekataa kupanda gari mpaka wenzake wote wapande. Kwa visa hivyo chuo hujitambua.

Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma habari za timu moja ya mbali ambayo kabati lake lina pengo kubwa, lakini kisa chake kimewashinda wengi wenye vikombe. Ni timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco, katika jimbo la California, ya msimu wa 1951. Ilicheza mechi tisa, ikashinda zote tisa, na isialikwe popote. Msimu ulipokwisha, ikavunjwa. Wamarekani wenyewe huikumbuka kuwa timu isiyofungwa, isiyotoka sare, na isiyoalikwa. Mimi nilivutwa nayo kwa sababu nyingine pia: mmoja wa wachezaji wake, Burl Toler, aliishia katika kazi hii yangu ya kuongoza shule.

Kabla ya kuendelea, yafaa nimweleze msomaji mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani haifanani na kandanda tuliyoizoea. Mpira wake umechongoka ncha mbili, hubebwa mikononi au hurushwa, na kila upande una wachezaji kumi na mmoja. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi kumi. Wakifaulu huendelea, wakishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Ni mchezo wa nguvu, wa kugongana vifua na mabega. Jambo la kukumbuka ni kwamba hapana mtu awezaye kuucheza peke yake. Mkimbiaji hodari kuliko wote haendi hata hatua tano bila wenzake kumfungulia njia kwa miili yao.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1855 na mapadre wa Kijesuiti, chini ya Padre Anthony Maraschi kutoka Italia, wakati mji wa San Francisco ulikuwa bado mji wa wachimba dhahabu na mabaharia. Tetemeko la ardhi la 1906, pamoja na moto uliofuata, liliyateketeza majengo yake, na ilibidi kuanza upya. Jina la Chuo Kikuu cha San Francisco kilipewa mwaka 1930. Timu zake hapo awali ziliitwa Ukungu wa Kijivu, kwa sababu ya ukungu unaoingia kutoka baharini na kuufunika mji ule. Baadaye zikapewa jina la Dons, neno la heshima la Kihispania ambalo kwa lugha yetu twaweza kulifasiri kuwa Mabwana, au vizuri zaidi, Waungwana.

Nimelichagua neno hilo la pili kwa makusudi. Neno uungwana lina doa lake katika historia ya pwani yetu. Zamani lilimtenga mtu aliyezaliwa huru na yule aliyekuwa mtumwa, na wako watu ambao, hata wangekuwa wema namna gani, wasingeitwa waungwana. Ni methali iliyolisafisha neno hili kwa kusema kwamba mwungwana ni kitendo. Tuiweke methali hiyo akilini, maana itatufaa mbele.

Mwaka 1951 kikosi cha Dons kilikuwa mchanganyiko wa watu ambao kwa kawaida wasingekutana. Gino Marchetti alikuwa mwana wa wahamiaji wa Kiitalia, na kabla ya kuingia chuoni alikuwa amepigana vita Ulaya akiwa kijana mdogo. Bob St. Clair alikuwa jitu la futi 6 na inchi 9. Ollie Matson alizaliwa Texas, na Burl Toler alitoka Memphis, Tennessee. Hawa wawili walikuwa weusi, na walikuwa wamekwisha kucheza pamoja katika chuo cha mji kabla ya kuhamia kwa Wajesuiti. Kocha alikuwa Joe Kuharich. Kijana aliyeshughulika na kupeleka habari za timu magazetini aliitwa Pete Rozelle. Lishike jina hilo, msomaji.

Katika mechi tisa za msimu ule Matson alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, kuliko mchezaji mwingine yeyote wa vyuo vikuu nchini Marekani mwaka huo, na alifikisha mpira mstari wa mwisho mara 21. Walisafiri mpaka New York wakawashinda Fordham, chuo kingine cha Kijesuiti, kwa pointi 32 kwa 26. Waliwafunga Chuo cha Pacific 47 kwa 14. Mechi ya mwisho walicheza na Loyola wakashinda 20 kwa 2. Hiyo ilichezwa Pasadena, katika uwanja mashuhuri wa Rose Bowl, na hapa panahitaji maelezo.

Neno hilo la bowl maana yake ni bakuli. Viwanja vikubwa vya zamani vilijengwa kwa umbo la bakuli, na michezo ya heshima inayochezwa karibu na Mwaka Mpya ikachukua jina hilo. Wakati ule kwenda kwenye Bakuli hakukutegemea ligi peke yake. Aghalabu chuo kilialikwa na kamati ya wenyeji, watu wa biashara na wakubwa wa mji. Kualikwa kulileta sifa na fedha. Na Mabakuli mengi makubwa yalikuwa majimbo ya Kusini, ambako sheria na desturi ziliwatenga weusi na weupe katika shule, katika mabasi, katika hoteli na hata kwenye mabomba ya maji ya kunywa.

Msomaji asidhani kwamba hatari ilikuwa ya maneno tu. Tarehe 20 Oktoba 1951, katikati ya msimu huohuo, mchezaji mweusi wa Chuo Kikuu cha Drake, Johnny Bright, alicheza katika mji wa Stillwater, Oklahoma. Mchezaji wa wenyeji alimpiga usoni mara kwa mara, hata pale ambapo Bright hakuwa na mpira, mpaka taya likavunjika. Wapiga picha wa gazeti la Des Moines Register walilinasa tukio hilo hatua kwa hatua, na picha zao zikapewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1952. Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokuwa. Jackie Robinson alikuwa amekwisha kuingia katika besiboli ya kulipwa tangu 1947, lakini uamuzi wa Mahakama Kuu wa kukataza ubaguzi mashuleni ulikuwa bado miaka mitatu mbele.

Dons walipomaliza mechi yao ya tisa bila kushindwa, walitazamia barua. Habari zilizowafikia ni kwamba nafasi Kusini ingepatikana, na jina la Orange Bowl la Miami ndilo lililotajwa zaidi, ikiwa Matson na Toler wangeachwa nyumbani. Wapo waliosema kwamba sababu ilikuwa nyingine, kwamba wapinzani wao walikuwa hafifu. Lakini wachezaji wenyewe, mpaka uzeeni, hawakuwa na shaka juu ya kilichowafungia mlango. Jibu lao lilikuwa kwamba wataenda wote au hawaendi. Tarehe 1 Januari 1952 Orange Bowl ilichezwa na Georgia Tech na Baylor. Dons walikuwa makwao.

Hawakuwa wa kwanza kukataa. Mwaka 1946 Penn State walikataa kwenda kucheza Miami bila wachezaji wao weusi, na mwanzoni mwa 1948 walikwenda Cotton Bowl mjini Dallas wakiwa nao. Lakini Penn State kilikuwa chuo kikubwa, na kukataa kwake kulifuatiwa na mialiko mingine. Kwa chuo kidogo cha San Francisco huo ulikuwa mlango wa pekee, tena ulikuwa ukifungwa.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni kwamba, kwa jinsi wachezaji walivyosimulia baadaye, hapakuwa na mjadala. Hawakupiga kura. Hapana aliyesimama kutoa hotuba juu ya haki za binadamu. Walilijibu jambo hilo kama mtu anavyojibu akiulizwa kama yu tayari kumwacha ndugu yake njiani. Waandishi wa siku hizi hupenda kuwafanya mashujaa waliopima gharama na kuamua. Mimi naona thamani ya kisa hiki iko katika kwamba hawakupima.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuona kitu kinachofanana na hicho kwa udogo wake. Mwaka mmoja, chuo nilichokiongoza kilipojiandaa kwa michezo ya vyuo vya kanda, mhusika mmoja alinishauri niwaondoe kikosini wanachuo wawili ambao wazazi wao waliingia nchini kama wakimbizi. Alisema ni kuepusha maneno. Nilimwita nahodha nimweleze yaliyosemwa, maana niliona timu ina haki ya kujua. Kijana yule alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mzee, basi nitawaambia wenzangu kwamba safari imeahirishwa." Hakuuliza ni wachezaji gani wawili, wala hakuuliza kama mashauri yangeweza kufanyika. Kwake kikosi kilikuwa kitu kimoja. Ama kinakwenda ama kinabaki. Asubuhi tuliwapakia wote kwenye lori, tukaenda, hapana aliyetuzuia, na katika mechi ya pili tukafungwa. Hatukurudi na kikombe. Lakini nilitambua siku ile kwamba umoja ninaoufundisha darasani ulikuwa umekwisha kuota mahali nisipopapanda, huko uwanjani, katika mazoezi ya jioni na katika kuchangia sabuni moja bafuni.

Ndivyo ninavyowaelewa Dons. Matson hakuwa "mchezaji mweusi" kwa Marchetti. Alikuwa mtu ambaye kila Jumamosi Marchetti alimfungulia njia kwa mwili wake, na ambaye kukimbia kwake kuliupa mwili ule sababu ya kuumia. Watu waliofikia hapo huwagawi kwa barua ya kamati.

Gharama ililipwa. Timu ilikuwa ikikila chuo fedha. Ilicheza katika uwanja wa Kezar, mkubwa kupita kiasi, wenye nafasi za watu zaidi ya 50,000, ambazo chuo kidogo hakikuweza kuzijaza. Fedha za Bakuli zingesaidia, ingawa hapana awezaye kuapa kwamba zingeiokoa timu. Wakati ule vyuo vya Kikatoliki vya California vilikuwa vikiuacha mchezo huu kimoja baada ya kingine: Saint Mary's baada ya msimu wa 1950, Loyola baada ya 1951, Santa Clara baada ya 1952. San Francisco nao wakaufunga baada ya msimu wao uliokuwa bora kuliko yote. Baadaye mchezo ulirudishwa kwa miaka kadhaa katika ngazi ya chini, kisha ukatoweka kabisa. Kwa hiyo timu hii ina ukumbusho usio wa kawaida: siku yake ya fahari na siku yake ya kufa zilikaribiana kama jioni na usiku.

Wachezaji walitawanyika. Kocha Kuharich alikwenda kuwafundisha Chicago Cardinals, na Matson akachaguliwa na timu hiyohiyo. Kabla ya kuanza kazi, Matson alikwenda Helsinki kwenye Olimpiki ya 1952, akapata medali ya shaba katika mbio za mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti. Marchetti alipata sifa yake kubwa Baltimore. St. Clair aliwachezea 49ers wa San Francisco, na alipata kuwa meya wa Daly City. Wote watatu waliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo lililoko Canton, Ohio: Matson na Marchetti mwaka 1972, St. Clair mwaka 1990. Ni nadra sana timu moja ya chuo kutoa watatu. Na yule kijana wa kupeleka habari magazetini, Pete Rozelle, aliiongoza ligi nzima ya kulipwa kama kamishna kuanzia 1960 hadi 1989, naye akaingizwa katika jumba hilo mwaka 1985.

Toler hakuingizwa. Wengine walimhesabu kuwa mmoja wa wachezaji bora wa kikosi kile. Alichaguliwa na Cleveland Browns, lakini mwaka 1952, katika mchezo wa wateule wa vyuo mjini Chicago, goti lake liliumia vibaya na safari yake ya uchezaji ikakatika. Akageukia ualimu, hapohapo San Francisco, akafundisha hisabati na michezo katika shule ya Benjamin Franklin, na baadaye akawa mkuu wa shule hiyo. Mwaka 1965 ligi ya kulipwa, ambayo kamishna wake alikuwa Rozelle, ilimfanya mwamuzi, mtu mweusi wa kwanza kuifanya kazi hiyo katika ligi kuu yoyote ya michezo ya kulipwa nchini Marekani. Aliifanya kwa misimu 25, na Januari 1980 akawa mweusi wa kwanza kuchezesha Super Bowl, fainali ya mchezo huo. Mtu ambaye hakutakiwa kukanyaga uwanja wa Kusini kama mchezaji alirudi akiwa na filimbi mdomoni. Na wiki ilipoanza alirudi shuleni kwake.

Hapa huwa nasimama kidogo, maana najua maana ya kurudi shuleni Jumatatu. Kuna utoro wa kushughulikia, kuna mzazi mlangoni, kuna choo kilichoziba. Johnny Bright naye, yule aliyevunjwa taya, alihamia Kanada, akacheza huko kwa sifa kubwa, na akawa mwalimu na kisha mwalimu mkuu katika mji wa Edmonton mpaka alipofariki mwaka 1983. Watu wawili waliojeruhiwa na msimu huo, mmoja taya na mwingine kwa kunyimwa nafasi, wote wawili wakaenda kulea watoto wa wengine.

Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Chuo kikuu cha kule Oklahoma kiliomba radhi rasmi kwa tukio la Bright mwaka 2005, miaka 54 baadaye, na Bright hakuwapo kuisikia. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha San Francisco kiliwatunuku wachezaji wa kikosi cha 1951 shahada za heshima. Toler alifariki mwaka 2009, Matson 2011, St. Clair 2015, Marchetti 2019. Mtu anaweza kuuliza, na swali hilo ni la haki: je, taasisi iliyoivunja timu ina haki gani ya kujivunia timu hiyo? Si chuo kilichokataa Bakuli, ni vijana. Chuo kilifunga hesabu.

Nimelifikiria swali hili muda mrefu, na jibu langu ni kwamba chuo hakirithi heshima ya wanafunzi wake kama mtu anavyorithi shamba. Heshima ya namna hiyo hukopeshwa, na mkopaji hudaiwa. Deni hilo hulipwa kwa jambo lenye gharama, dogo au kubwa. Kwa sababu hiyo naona kilichofanyika mwaka 2017 kina uzito kuliko zile shahada. Chuo kilikuwa na bweni la wanafunzi lililoitwa kwa jina la James Phelan, aliyepata kuwa meya wa San Francisco na baadaye seneta. Mwaka 1920 Phelan aligombea useneta kwa kauli mbiu ya kuibakiza California kuwa ya weupe. Mwaka 2017 jina lake liliondolewa, na bweni likaitwa kwa jina la Burl Toler.

Kubadili jina la jengo hakumfufui mtu. Lakini nimekaa vyuoni muda wa kutosha kujua jinsi majina ya mabweni yanavyofanya kazi. Kijana hulitaja jina hilo mara kumi kwa siku bila kufikiri: analala hapo, anaalika rafiki hapo, anaandikiwa barua hapo. Siku moja mmoja wao huuliza huyu alikuwa nani, na hapo mzee fulani, mpishi au mlinzi au mkufunzi, hupata nafasi ya kusimulia. Chuo kile hakina tena timu ya futiboli ya Kimarekani, na kikombe cha Bakuli la 1952 hakitakuwamo kamwe katika kabati lake. Kina bweni lenye vitanda, na jina la mwalimu mlangoni.